Milango Inayotazama Barabara

Jumatatu, 9 Februari

Nimefagia vyumba sita ambavyo hakuna aliyevichafua. Vumbi la barabarani tu. Nikafuta madirisha, nikamwaga maji mbele ya milango, nikakaa kwenye kigoda changu kuangalia wanaopita. Funguo sita kiunoni, kila nikiinuka zinalia kama kengele ya mbuzi. Hadi saa nane mchana hakuna aliyeuliza.

Nyumba iko Usagara, karibu na njia panda. Safu moja ya vyumba, bati jipya, umeme, sakafu laini. Choo na bafu viko nyuma, vya wote. Mimi bado nalala Kigongo, kwenye nyumba yangu ya zamani jirani na kilipokuwa kivuko. Asubuhi nakuja, jioni narudi.

Miaka ishirini niliwauzia wali na sato watu waliosubiri kivuko. Mwaka jana daraja likafunguliwa. Siku ya kwanza nilipiga vigelegele kama wengine. Siku ya pili nilipika sufuria nzima ikalala. Hakuna foleni, hakuna mteja. Sina kinyongo na daraja. Nawaambia watu hivyo, na karibu nusu ya siku huwa ni kweli.

Akiba yote ya miaka ile imo kwenye kuta hizi. Nimechoka kuzifagia.

Alhamisi, 12 Februari

Wamekuja wa kuangalia. Kwanza fundi wa kuchomelea na mkewe mjamzito. Mume kapima chumba cha tatu kwa hatua, kafurahi. Kitanda cha tano kwa sita kinaingia na makochi yanapata nafasi. Mke hakuangalia chumba sana. Alitoka, akatazama barabara, akazunguka nyuma hadi bafuni, akarudi. "Mama, nyumba ni nzuri sana. Tutarudi."

Mchana kaja Devota, mhudumu wa zahanati ya hapa. Anaishi Sengerema, kila siku anavuka daraja kuja kazini na kurudi. Mtu wa namna hii ndiye niliyemjengea. Kaniamkia vizuri, kasifia sakafu, kauliza bafu liko wapi. Nikamwonyesha. "Tutarudi, Mama." Alikuwa peke yake. Sijui atarudi na nani.

Ng'ambo ya barabara Nyamizi kaona yote. Tuliuza naye chakula kivukoni miaka yote ile, yeye upande wa kushoto wa foleni, mimi kulia. Tulinyang'anyana wateja mpaka tukaacha kusalimiana. Daraja lilipokuja, mimi nikajenga, yeye akahamishia meza yake hapa njia panda. Imekaa sawasawa mbele ya nyumba yangu. Chai na chapati. Kila anayekuja kuangalia chumba anaanzia kwake au anamalizia kwake. Silipendi jambo hilo.

Jumapili, 15 Februari

Shija kaja baada ya misa. Mdogo wangu, tumbo moja. Ana duka la vifaa vya ujenzi Misungwi na kitambi cha kulingana nalo. Kuta ni zangu, bati na milango ni vyake. Bila yeye ningekuwa na magofu mapya.

Ameuliza wapangaji wangapi. Nikasema wanakuja. Akacheka kwa pua.

Makubaliano yetu nayakumbuka, hana haja ya kunikumbusha. Jumatatu ya Pasaka vyumba vyote sita viwe na watu. Kikibaki kitupu hata kimoja, nyumba inageuka gesti. Madereva wa malori, mtu na usiku wake, asubuhi anaondoka. Shija anasema huko ndiko kwenye faida ya haraka. Si mtu mbaya. Anataka bati lake lizae. Ila mimi nikitazama vile vyumba nikawaza shuka zinazobadilishwa kila siku na wasichana wanaoingia wameinamisha vichwa, moyo unakataa. Walimu, wauguzi, wauza mkate, mafundi wa hapa, wote wanalala mbali kwa sababu hapa hakuna chumba wanachokimudu. Ndiyo maana nilijenga.

Makubaliano niliyakubali kwa mdomo mpana. Nilidhani kutakuwa na foleni kama ya kivuko.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani vimeanza siku moja. Biashara ya chai ya Nyamizi imelala tangu asubuhi. Sijafurahi. Kidogo tu.

Kila mwaka naacha nyama. Mwaka huu nimeahidi kuacha maneno makali hadi Pasaka. Padri akipata habari atashangaa. Watu wanne wamekuja kuangalia tangu wiki iliyopita, hakuna aliyerudi, na bado sijamtukana mtu.

Jumanne, 24 Februari

Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Lazima ni kodi.

Nilikuwa nataka miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wote. Leo asubuhi nikiwa nafagia nikajikumbuka mwenyewe, Sengerema, mjane wa miezi miwili, mwanangu Limi mgongoni. Mwenye nyumba kasimama mlangoni anataka miezi sita au nitoke. Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na godoro lilikuwa kichwani. Nilisema siku ile, nikipata changu sitamfanyia mtu hivi.

Nikapata changu nikafanya hivihivi. Aibu imenishika nikiwa na fagio mkononi.

Nimeandika karatasi kwa maandishi makubwa nikaibandika ukutani. KODI NI MWEZI KWA MWEZI. Nimepunguza na kiasi chenyewe. Sasa waje.

Jumatatu, 2 Machi

Wamekuja. Watu tisa tangu nibandike karatasi. Wamesoma, wamefurahi, wamezunguka nyuma, wamerudi na nyuso za msibani. "Tutarudi, Mama." Tisa.

Jioni Shija kaja na mchora mabango. Hakunisalimia vizuri, kaanza kupima ukuta juu ya mlango wa kwanza. Anasema bango linachukua muda kukauka, bora lianze mapema. Anasema nyumba yenyewe imekaa kigesti kigesti. Milango sita, yote inatazama barabara, dereva akishuka anaingia. "Dada, hata wewe ulikuwa unajua. Umejenga gesti bila kujua."

Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Kwaresma ni ndefu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimevunja ahadi. Leo mwalimu mmoja, kijana wa watu mwenye adabu, katoka kuangalia chumba akaenda kunywa chai kwa Nyamizi, wakanong'ona, akaondoka bila kugeuka. Nikavuka barabara. Nilimwambia Nyamizi kila kitu nilichokitunza tangu kivukoni. Kwamba ni mchawi wa wateja. Kwamba ananifukuzia wapangaji kwa maneno. Kwamba chapati zake ni ngumu. Watu walisimama kusikiliza.

Yeye aligeuza chapati. Akaitoa. Akaweka nyingine. Ndipo akasema, "Mama Limi, wewe umewahi kulala mle ndani?"

Nikasema nina nyumba yangu Kigongo.

"Basi kalale."

Nimerudi na hasira zangu zote, hakuna aliyenipokea hata moja. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Msemo huo naujua tangu utoto, leo umenirudia. Kwa nini hakunijibu tusi kwa tusi kama zamani?

Jumanne, 10 Machi

Jana nimelala chumba cha tatu. Nilileta godoro, ndoo, kanga na sabuni. Chumba kina hewa. Nililala vizuri, nikaamka nimeridhika na kazi ya mikono yangu, nikajifunga kanga, ndoo mkononi, mswaki mdomoni, nikafungua mlango kwenda kuoga.

Basi la Bukoba lilikuwa limesimama mbele yangu. Abiria wa upande wote wa kushoto walinitazama. Nami niliwatazama, na mswaki wangu.

Nikafunga.

Nikasubiri basi liondoke. Nikafungua. Lori, na tingo wake juu. Nikafunga. Nikafungua. Bodaboda nane zimepangana, na katekista wa parokia yetu amesimama kwenye meza ya Nyamizi anakula chapati, ametazama huku. Nikafunga. Bafu liko nyuma. Kutoka chumba cha tatu kufika huko lazima nipite mbele ya milango miwili, nizunguke kona, nyumba nzima, nimevaa kanga, mbele ya njia panda yote. Na kurudi ni hivyohivyo, nimelowa.

Kuoga ningeweza kuacha. Lakini kuna haja nyingine haisubiri. Saa moja na robo nilikuwa bado nimesimama nyuma ya mlango wangu mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na nane, nimebana miguu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mlango ukagongwa. Nyamizi. Mkononi ana kanga mbili. Akazinyoosha, moja huku moja kule, akasimama kati yangu na barabara. Tukatembea hivyo, mimi nyuma ya kanga, yeye ukuta wangu, hadi chooni, hadi bafuni. Akanisubiri. Akanirudisha. Hakucheka. Alisema tu kwamba chapati zake zinaungua, akavuka.

Nimekaa kwenye godoro nimelia. Si kwa aibu ya basi. Kwa sababu sasa naona. Mjamzito yule angepita hapo usiku na mchana mara ngapi? Devota angekwendaje kuoga? Mtoto angecheza wapi, kwenye matairi?

Na najua kwa nini niliiweka milango hivi. Miaka ishirini niliikabili foleni. Kwangu mimi mlango usiotazama watu haupati riziki. Nilichora meza ya chakula, nikaiezeka bati, nikaiita nyumba.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kwa fundi Doto aliyenijengea. Nimemkuta mbali kweli, anapanga kwenye kibanda kinachovuja nyuma ya Misungwi, na mke na watoto wawili. Amejenga nyumba za watu maisha yake yote.

"Wangaluka, Mama," akaniamkia kwa Kisukuma. Hakushangaa kuniona.

Alikumbuka vizuri kuliko mimi. Siku ya msingi aliniuliza, Mama, milango tuielekeze uani? Nikamjibu, wewe jenga, usinifundishe. Leo nimemwomba radhi. Amesema nyumba si ugali, ukikosea unaweza kuirekebisha.

Anasema hivi. Milango ya mbele tuizibe kwa tofali hadi usawa wa kiuno, juu yake yabaki madirisha. Ukuta wa nyuma tuutoboe sehemu sita, tuweke linta, yaani ule mhimili wa zege wa kubeba ukuta juu ya mlango. Milango ni ileile, fremu zilezile, zinageuka tu. Tunahitaji saruji, tofali, nondo na watu. Kazi yake hataki pesa. Anataka chumba cha tano, miezi mitatu bila kodi, kisha alipe kama wengine.

Nikakubali kabla hajamaliza.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemvizia Devota akishuka kwenye gari asubuhi. Nikamuuliza wazi, binti yangu, tatizo lilikuwa bafu? Akacheka, kisha akaziba mdomo. "Mama nisamehe. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima nyumba yake imekaa uchi."

Wote waliokuja kuangalia waliniheshimu. Heshima yao ingeninyima kila kitu.

Nimemweleza mpango. Akasikiliza kama anavyosikiliza mgonjwa. Akasema kuwe na uzio nyuma, na mahali pa kupikia nje, kwa sababu moto wa mkaa ndani unaua watu. Na kamba za nguo. "Tunataka uani, Mama. Chumba ni cha kulala tu." Akasema kama kweli nitageuza, anakuja yeye na mwenzake wa kazini.

Nimeandika yote kwenye kiganja kwa kalamu.

Jumamosi, 14 Machi

Shija kakataa. Nimempigia simu kuomba saruji ya mkopo dukani kwake, kasema zimebaki wiki tatu, hatupi saruji kwenye nyumba inayokwenda kuwa gesti. Sikubishana.

Kigongo nilikuwa na masufuria yangu makubwa manne, mabenchi matatu na karai la kukaangia sato. Nilikuwa nayatunza. Kwa ajili ya nini? Nilikuwa kama nangoja daraja liondoke.

Mtu mmoja tu njia panda nzima ana kazi navyo. Nikavuka barabara. Nyamizi kagonga kila sufuria kwa kidole, kasikiliza mlio, kataja bei. Bei ya haki. Nilitegemea anicheke. Alisema, "Hili karai nililionea wivu miaka kumi." Nami nikamwambia chapati zake si ngumu. Ndiyo maongezi yetu.

Saruji imeshushwa jioni. Naogopa sana.

Jumatatu, 16 Machi

Doto katoboa ukuta wa kwanza. Nilisimama mbali. Kila nyundo ikipiga, wali na sato wa mwaka mmoja unaanguka chini.

Kisha shimo likafunguka na mwanga ukaingia kutoka nyuma. Mwanga wa upande ule sikuwahi kuuona ndani ya nyumba hii.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Matundu manne yamefunguliwa, linta mbili tu zimekauka. Chumba cha nne ukuta umepata ufa, mrefu kama mkono wangu. Doto kauegemeza kwa miti, kasema usiguse, usikohoe karibu yake. Alikuwa anatania. Usoni hakuwa anatania.

Maji yamejaa vyumbani. Nimeyakokota kwa fagio tangu asubuhi. Zamani nilikuwa nalalamika vyumba havichafuki.

Jumatatu, 23 Machi

Shija kaja bila taarifa. Kakuta nyumba imetobolewa mgongo, milango imelala chini kwenye matope, miti imeshikilia ukuta. Sijamwona na hasira vile tangu tulipokuwa wadogo nikapoteza ndama wake. Alisema nimeharibu. Alisema bati ni lake na anaweza kulishusha kesho. Alisema uzee umeniingia vibaya.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamshika mkono, nikamwingiza chumba cha tatu, nikamwambia, mdogo wangu, mkeo angetoka hapa na kanga kwenda kuoga, ungekubali? Alitazama barabara kupitia pale ulipokuwa mlango. Basi lilikuwa linapita.

Alisema makubaliano ni makubaliano, Jumatatu ya Pasaka, vyumba sita. Akaondoka. Bati hajalishusha.

Nikishindwa nimepoteza akiba, masufuria na ndugu, vyote kwa mkupuo.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Baada ya misa tumepachika mlango wa sita. Ufa wa chumba cha nne umezibwa, Doto kaupiga kwa ngumi kunionyesha. Mume wa yule mjamzito kaja na mashine yake, kachomelea grili za madirisha ya mbele bila kuitwa. Amesikia njiani.

Uzio tumeuweka wa matete, nimeyakata mwenyewe Kigongo ukingoni mwa ziwa, mafungu kumi na mawili. Yananukia maji. Uani kuna jiko la nje lenye kipaa, kamba tatu za nguo, na bafu ni hatua nane kutoka kila mlango. Nimezihesabu nikiwa nimevaa kanga, kwa makusudi, polepole, nimejinyoosha kama bibi harusi.

Jumatano, 1 Aprili

Devota kahamia chumba cha kwanza, mwenzake cha pili. Chumba cha tatu fundi wa kuchomelea na mkewe. Yule mke aliniambia, "Tulisema tutarudi." Nikajifanya natafuta ufunguo. Cha nne kachukua yule mwalimu mwenye adabu. Cha tano Doto na familia yake, na tayari wanawe wamechora ukuta kwa mkaa.

Doto kalipa kwa kazi yake, wengine kila mmoja katoa kodi ya mwezi mmoja akiwa amesimama wima. Sikuona aliyeinamisha kichwa.

Kimebaki cha sita. Siku tano.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Mtu kaja kuulizia chumba cha sita. Ana magari matatu ya mizigo. Yuko tayari kulipa mwaka mzima leo leo. Hataki kuishi, anataka mahali pa kupumzikia yeye na wageni wake, wa siku mojamoja. Alitabasamu alipotamka wageni.

Ningesema ndiyo, vyumba sita vingekuwa vimejaa na Shija angenyamaza. Nilizishika zile funguo nikasikia zinalia. Uani mke wa Doto alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, mchana kweupe, anaimba.

Nikamwambia hakuna chumba. Anakiona kitupu, na mimi namwambia hakuna. Akaniita kichaa na kuondoka.

Sasa ni siku tatu. Labda kweli mimi ni kichaa.

Jumamosi, 4 Aprili

Kuna jambo nililijua muda mrefu na sikutaka kulifikiria. Nyamizi analala kwenye stoo ya duka moja la hapa njia panda, nyuma ya magunia ya mahindi. Tangu daraja lifunguliwe. Hakuwahi kuulizia chumba kwangu, na mimi najua kwa nini. Kiburi chake nakifahamu, kimefanana na changu.

Leo asubuhi nikavuka barabara na ufunguo wa sita mkononi. Ilikuwa ngumu kuliko siku ya masufuria. Nikauweka mezani kati ya chapati. Akauangalia. Akauliza kodi, nikamtajia, akauliza ni ya mkupuo, nikasema mwezi kwa mwezi. Akauliza kama ninampa kwa sababu ya Shija.

Nikasema ndiyo. Na kwa sababu ya zile kanga mbili. Yote mawili ni kweli, sikutaka kudanganya Jumamosi Kuu.

Akafikiri hadi chapati moja ikaungua. Kisha akauliza chumba cha sita kiko upande gani ukiwa umeingia uani. Kushoto, nikamwambia. "Basi sawa. Kushoto nimezoea."

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka jana, ya heri. Leo Shija kaja na gari, na bango nyuma limefunikwa turubai. Kaona mbele ya nyumba hakuna milango, kasimama kama mtu aliyepotea. Nikamwita apite nyuma.

Kagonga milango yote, mmoja mmoja, na kuhesabu kwa sauti kama mwalimu mkuu. Wa kwanza Devota. Wa tano watoto wa Doto walimwamkia shikamoo kwa pamoja, akasema marahaba mara mbili. Wa sita akafungua Nyamizi. Shija anatujua sote tangu kivukoni. Alinitazama, akamtazama, akakaa chini kwenye benchi. Benchi langu la zamani.

Nyamizi alikuwa amepika pilau kwenye sufuria yangu kubwa, na wapangaji wote wamechangia. Shija alikula sahani mbili. Nguo zilikuwa kwenye kamba, mke wa fundi wa kuchomelea kapumzisha tumbo lake kivulini, mwalimu anasahihisha madaftari. Shija alitazama haya yote kwa muda mrefu. Mwishowe alimuuliza Doto kama ana nafasi baada ya mvua. Ana kiwanja Misungwi, kimekaa tu. Vyumba vinane, labda kumi.

"Milango iangalie uani," akasema, kama vile ni yeye aliyeligundua.

Nilimwacha aamini hivyo. Kwaresma imekwisha lakini ulimi bado nimeufunga.

Bango kaliacha. Doto kaziba nalo pengo la uzio karibu na bafu, maandishi yakiwa kwa ndani. Anayeoga anasoma GESTI YA KISASA, KARIBUNI.

Jumapili, 12 Aprili

Sikufagia leo. Mke wa Doto kafagia kabla sijafika.

Mvua ya asubuhi imekatika. Nimeleta karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tumekaa uani na Nyamizi tunatafuna. Devota anasuka nywele za mwenzake. Chumba cha tatu wanasema mtoto atazaliwa mwezi huu, na wananiangalia kama mimi ndiye mkunga.

Barabarani magari yanapita, nayasikia. Basi limesimama, watu wanashuka, mtu anaita jina la mtu. Zamani ningeinuka kuangalia ni wangapi na wana njaa kiasi gani.

Nyamizi kaniuliza kwa nini nimekigeuza kigoda. Sikuwa nimejua kwamba nimekigeuza. Nimekaa mgongo kwa barabara, uso kwa milango sita, yote iko wazi.